Mchele wa Mizani

Jumatatu, 2 Machi

Fomu za ofisi hazina nafasi ya maneno. Zina visanduku vya tarakimu tu. Kwa hiyo nimenunua daftari hili la kurasa mia moja, niandike yale yasiyoingia visandukuni.

Leo tumemaliza mafunzo. Tu wapimaji kumi na wawili, nami nimewazidi wenzangu wote kwa miaka arobaini. Kazi yenyewe ni hii: bei za vyakula zinapanda, na ofisi inataka kujua kupanda huko kunaingia kiasi gani ndani ya sufuria za watu. Kila mpimaji amepewa mizani moja na nyumba kumi. Mara moja kila juma, hadi karibu na mavuno, atapima chakula cha mchana cha kila nyumba kikiwa kibichi, kabla hakijatiwa motoni. Mtaa ambao chakula chake kitashuka chini ya kiwango utaingizwa katika mgao wa unga na maharage. Usioshuka hautaingizwa. Wenye nyumba wasiambiwe habari ya mgao, wasije wakapika kidogo makusudi.

Msimamizi wetu nilimfundisha darasa la sita. Alikuwa mwepesi wa kujibu, mzito wa kusahihisha. Ametoa agizo moja nililoliona halina adabu: tubadilishe siku kila juma, tuingie nyumba za watu bila taarifa. Sikumjibu mbele ya vijana. Lakini kumwingilia mtu jikoni bila kumwarifu ni tabia ya askari, si ya mwalimu. Nimekwisha kupanga ratiba yangu. Kila nyumba itakuwa na siku yake na saa yake, nami nitaitunza.

Jumatano, 4 Machi

Nyumba ya saba, saa sita mchana. Mwenye nyumba ni mshonaji nguo, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Anaishi na mama yake, bikizee ambaye macho yamemwisha, na binti wawili: mkubwa yuko shuleni, mdogo ana miaka sita. Wana chumba kimoja na ukumbi mwembamba. Cherehani iko dirishani. Kuna viti vitatu vya mbao, na kimoja kina mto wa maua na mguu uliofungwa utepe wa buluu.

"Kaa hapo penye mto, Mwalimu," akasema mshonaji.

Nilipima. Mchele gramu mia sita, maharage gramu mia tatu, kitunguu kimoja, mafuta vijiko viwili.

"Nani huyo anayepima chakula kama dhahabu?" bikizee akauliza kutoka kitandani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mtoto wangu. Umeolewa?"

Yapata miaka arobaini hakuna aliyeniita mtoto. "Niliolewa. Nimefiwa."

"Pole. Basi leo utakula hapa."

"Siruhusiwi."

"Na nani? Si mume keshakufa?"

Mshonaji akaficha uso katika kitambaa alichokuwa akikishona. Mimi nilijitahidi kutocheka, nikashindwa. Nikala vijiko vitano, kwa adabu. Fomu ina kisanduku kiitwacho "Wageni waliokula". Nimeandika: hakuna. Mpimaji si mgeni, yuko kazini.

Jumamosi, 7 Machi

Sokoni, kuandika bei. Mchele umepanda, maharage yamepanda, mafuta yamepanda mara mbili ndani ya mwezi.

"Andika kwa penseli, Mwalimu," muuza nafaka akaniambia. "Wino utakutia hasara."

Jumapili, 8 Machi

Mwanangu alipiga simu kutoka huko ng'ambo. Tulizungumza dakika nne. Alisema mtandao ni mbaya. Ulikuwa mzuri.

Jumatano, 11 Machi

Nyumba ya saba. Mchele mia sita, maharage mia tatu. Binti mdogo amenipa jina: Bibi Mizani. Alisimama karibu na mizani akihesabu mshale unavyopanda, nami nikamfundisha kusoma mia.

Bikizee akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Mpeni huyu ungo."

Nikapewa ungo, nikachambua mchele. Nilitoa mawe kumi na manne. Mikono ilikumbuka kazi. Nyumbani kwangu sichambui. Mchele wa mtu mmoja ni mdogo hata mawe hayaoni haja ya kuingia.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Nilipima nyumba mbili. Katika zote niliwekewa kiti nje, chini ya upenu, nikajibiwa kwa ufupi. Ni sawa. Hiyo ndiyo kazi.

Jumatano, 18 Machi

Mchele mia sita, maharage mia tatu. Mkono usiotikisika. Nyumba nyingine hupima kwa macho, leo zaidi, kesho pungufu. Hapa pana utaratibu.

Kiti chenye mto hakikuwapo.

"Kiko kwa seremala," mshonaji alisema. "Ule mguu umezidi kulegea."

Nilikaa kiti cha pili. Nilikula sahani ndogo. Wageni: hakuna.

Jumamosi, 21 Machi

Bei zimepanda. Nimeandika kwa wino.

Jumatatu, 23 Machi

Jana nilipika kikombe kidogo kimoja cha mchele, na kwa kuwa mizani ilikuwa mezani, nikakipima. Gramu tisini. Kimetosha jana na leo. Redio imekufa betri, sikwenda kununua nyingine.

Jumatano, 25 Machi

Mvua kubwa. Njia ya kushuka kwa mshonaji imekuwa tope. Nilifika saa sita kasoro dakika mbili, nikasubiri nje mpaka saa itimie.

Binti mdogo alikula haraka, akapanguza sahani kwa kidole, akaniuliza, "Bibi Mizani, kwa nini usije kila siku?"

"Nyamaza," bikizee akamkemea. "Mtu ana kazi zake."

Niliporudi nyumbani nilikaa mlangoni muda mrefu bila kuvua viatu. Kwa nini usije kila siku. Wanafunzi wangu, miaka thelathini na sita, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jumatano, 1 Aprili

Mia sita, mia tatu. Mvua.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nililazimika kusema neno. Nguo zilizotundikwa ukutani, za wateja, zote zilikuwa na makunyanzi. Mwezi uliopita kila nguo ilitoka mikononi mwake imenyooka kama karatasi.

"Nguo isiyopigwa pasi ni kazi isiyokamilika," nilimwambia.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mteja akiona mkunjo mmoja, ataona na mishono."

"Ndiyo, Mwalimu. Nitarekebisha."

Ni mwanamke mwema, lakini anaanza kulegea. Viti vyote vilikuwa havipo. Alisema vimekwenda kupakwa rangi. Nilikaa kwenye stuli ya cherehani, yeye akala amesimama, ameegemea mlango. Nilimwona mwembamba. Pengine ni gauni.

Jumapili, 12 Aprili

Simu haikulia.

Jumatano, 15 Aprili

Mia sita, mia tatu. Bikizee alimsogezea mjukuu nusu ya chakula chake. "Meno yangu hayataki," alisema. Nikamwambia maharage yalikuwa laini. Akaniambia, "Wewe mtoto, unapima na meno ya watu?"

Jumatatu, 20 Aprili

Ofisini, kupeleka fomu. Msimamizi alinigeuzia skrini ya kompyuta. Pana mistari miwili: mmoja ni wa bei, unapanda kama ngazi, wa pili ni wa chakula katika nyumba zangu kumi, umelala.

"Mwalimu, fomu zako ndizo safi kuliko zote," alisema. "Kwa wenzako chakula kinaporomoka. Kwako mlo umesimama palepale. Mtaa wako ni mgumu, unastahimili."

"Ni watu wenye utaratibu," nikasema.

"Kwa hali hii hawataingia kwenye mgao. Ni jambo jema, si ndiyo? Maana yake hawahitaji."

Nilirudi kwa miguu nikiwa na fahari. Naiandika hiyo fahari kama ilivyokuwa.

Jumatano, 22 Aprili

Leo stuli nayo haikuwapo. Tulikaa mkekani, watu wote, sufuria katikati. Mshonaji alitaka kunitafutia ndoo ya kukalia, nikakataa.

"Ehee!" akasema bikizee. "Sasa umekuwa wa nyumbani. Mgeni hukaa juu, ndugu hukaa chini."

Magoti yaliniuma nilipoinuka, mshonaji akanishika mkono upande mmoja, binti upande wa pili. Tangu mazishi ya mume wangu hakuna aliyenishika mikono yote miwili kwa wakati mmoja.

Wageni waliokula: hakuna.

Jumamosi, 25 Aprili

Bei zimepanda. Muuza nafaka amepunguza magunia dukani, asema watu wananunua kwa kikombe.

Jumatano, 29 Aprili

Mia sita, mia tatu. Mvua juu ya bati hata hatukusikizana. Tulikula kimya. Nilifurahi.

Jumatano, 6 Mei

Vivyo hivyo.

Jumapili, 10 Mei

Mwanangu. Dakika tatu. Aliniuliza kama ninakula vizuri. Nilimwambia, siku ya Jumatano.

Jumatano, 13 Mei

Mia sita, mia tatu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nilipouliza, mshonaji alisema kazi ni chache msimu huu, watu hawashoni, wanakula kwanza.

Jumamosi, 16 Mei

Nikitoka sokoni nilipita kwa muuza samani kuukuu, kwa sababu mvua ilinikamata nikajibanza katika upenu wake. Pale mbele, juu ya kabati, kilikuwako kiti. Mto wa maua. Mguu umefungwa utepe wa buluu.

"Hiki umekipata wapi?"

"Kwa mshonaji, kule chini bondeni. Kilitangulia hicho, wenzake wakafuata, halafu pasi, halafu stuli. Mwalimu unakitaka? Nakupunguzia."

"Lini alikileta?"

"Zamani. Mwezi wa tatu. Yule mama maji yamezidi unga. Juma lijalo ananiletea cherehani yenyewe. Nilimwambia Jumatano, akasema Jumatano hawezi, ana mgeni. Basi tumepatana Alhamisi."

Nilisimama pale mpaka mvua ikaisha, na ilipoisha nikaendelea kusimama.

Jumapili, 17 Mei

Nimetandaza nakala za fomu zangu mezani, majuma kumi na moja. Mia sita, mia tatu. Mia sita, mia tatu. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na sita. Najua majibu ya kunakili yanavyofanana. Hakuna nyumba duniani inayokula gramu zilezile majuma kumi na moja, bei zikipanda. Mtoto wa darasa la nne angeniletea kazi kama hii ningemwita mezani.

Nilisahihisha mikunjo ya nguo, na pasi imeuzwa.

Simu ililia. Sikupokea.

Jumatatu, 18 Mei

Nimekwenda leo, si siku yangu, saa sita mchana, bila taarifa. Nilipiga hodi nikiwa tayari nimeingia, ili nisipate nafasi ya kurudi.

Mshonaji hakuwapo; alikuwa amekwenda kumfulia mtu nguo. Bikizee alikuwa amelala, uso ukutani. Jiko lilikuwa baridi. Binti mdogo alikuwa mkekani na kikombe cha uji. Niliinama nikautazama: mwepesi kiasi cha kuona chini ya kikombe.

"Bibi Mizani!" Akainuka. "Leo Jumatano?"

"Si Jumatano. Mmekula nini?"

"Uji."

"Na jana?"

"Uji. Na Mama alikunywa chai. Dada anakula shuleni, siku wakipika."

Juu ya rafu palikuwa na kopo lenye kifuniko, limefungwa kamba mara tatu. Nikalionyesha kwa kidole.

"Ule ni mchele wa mizani," akasema. "Hauliwi."

"Hauliwi kwa nini?"

"Ni wa kupima. Tukipima ndiyo tunakula. Ukija."

Bikizee akasema bila kugeuka, "Mtoto wangu, umekuja siku mbaya."

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekwisha kuona. Kaa, basi."

Nikakaa mkekani. Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia.

"Tukuambie nini? Umeleta taarifa kama muungwana, Jumatano saa sita. Mtu akikuambia nakuja, unamwekea uji huu? Binti yangu ana uso." Akageuka kunielekea. "Nami nilikuwa nakungoja. Siku sita hapa hakuna anayeniuliza neno. Na watoto walikuwa wanashiba hiyo moja. Tulijidanganya, tukakudanganya nawe. Sasa usimwambie kwamba umeona."

Nilitoka kabla mshonaji hajarudi. Njiani nilitambua jambo ambalo nililijua tangu jana na sikutaka kuliandika. Wale watu hawajui kwamba mizani ile ndiyo inayoamua. Wameuza viti, pasi na stuli ili waonekane wanakula, na kwa kuonekana wanakula watanyimwa chakula. Mimi nilijua. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua, na nilikuwa natafuna.

Jumanne, 19 Mei

Ofisini. Sikuketi.

"Niliwapa siku," nilimwambia msimamizi. "Nyumba zote kumi. Siku na saa. Waliniandalia. Tarakimu zangu zote ni za uongo, na katika nyumba ya saba nilikula kila juma nikaandika kwamba hakuna mgeni aliyekula."

Alifungua fomu zangu kwenye kompyuta. "Mwalimu, unajua unachoniambia? Majuma kumi na moja."

"Kuhesabu najua."

"Ningeweza kurekebisha nyumba hiyo moja. Tukaandika imekosewa. Fomu zako zingebaki."

Nakiri kwamba nilisita. Si kwa ajili ya fomu. Ingebaki nyumba ya saba, ingebaki Jumatano.

"Zifute zote," nikasema.

Akafungua kabati, akatoa karatasi ya maagizo, ile ya tarehe mbili Machi. "Wewe ndiwe uliyetufundisha: soma maagizo mara mbili kabla ya kujibu."

"Nilisoma mara tatu. Nikaona yamekosa adabu."

Hakucheka. Alisema kazi yangu imekwisha leo. Wapimaji wengine wawili watapita mtaa ule kwa majuma matatu, bila taarifa, na tarehe kumi Juni ataamua. Alinikumbusha kwamba nikimwambia mtu yeyote habari ya mgao, hata hayo majuma matatu yatafutwa. Nikamkabidhi mizani. Alinisindikiza hadi mlangoni akanibebea mwavuli, kama zamani alivyonibebea madaftari.

Majuma matatu. Cherehani inakwenda Alhamisi.

Nikapitia kwa muuza samani.

"Usiichukue cherehani yake."

"Mwalimu, mimi nauza samani, siuzi huruma."

"Mwambie fundi wako wa kuikagua ni mgonjwa. Mpaka tarehe kumi na moja Juni."

"Akiipeleka kwingine?"

"Kwingine watampa nusu. Mwambie hivyo, nayo ni kweli."

Alikuna kichwa. "Ugonjwa wa majuma matatu! Huyo fundi itabidi nimzike." Kisha akasema sawa, ila ninunue kitu, asije akaonekana mjinga. Nikanunua kiti chenye mto.

Nimemwomba mtu aseme uongo. Naliandika hilo hapa, lisikose pa kuandikwa.

Jumatano, 20 Mei

Nilikwenda saa sita, mikono mitupu. Sufuria ilikuwa tayari, kopo limefunguliwa.

"Mizani iko wapi?" mshonaji akauliza.

"Nimeirudisha. Siji tena kupima. Watakuja wengine, siku yoyote, saa yoyote. Usiwawekee kitu. Wapime mnachokula."

Alielewa mara moja. Alimtazama mama yake, akamtazama binti, akanitazama mimi. "Ulikuja."

"Jumatatu."

"Mimi sikuwapo."

"Ndiyo."

Alirudisha kifuniko cha kopo, akakikaza polepole. "Majuma yote haya nimekulaza njaa hapa, Mwalimu? Nimekukosea nini, hata uje uchungulie watoto wangu kama mwizi?"

"Hukunikosea."

"Pasi ulinisema. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Kumbe nilipaswa kukuambia nini? Kwamba pasi ndiyo ulikuwa unaila?"

Nilikuwa na jibu. Neno moja tu, mgao, na angenisamehe. Na kwa neno hilo angeukosa. Nikanyamaza. Katika maisha yangu sijawahi kunyamaza nikiwa na jibu sahihi.

"Nenda salama," akasema. Binti mdogo alikuwa bado ameshika ungo.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua.

Jumatano, 27 Mei

Saa sita. Sikwenda. Nilipika kikombe kimoja, nikakila nimesimama.

Jumapili, 31 Mei

Mwanangu alipiga. Nilimweleza yote, tangu ratiba mpaka kiti. Alinisikiliza dakika ishirini na sita. Mwishoni akasema, "Mama, mbona siku zote uliniambia uko sawa?" Nami nilikuwa nimefungua kinywa niseme niko sawa.

Jumatano, 3 Juni

Nilipita upande wa pili wa barabara, nimejifunika mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika. Cherehani ilikuwa ikilia. Nilisimama nikahesabu mishono mpaka nikaona haya.

Jumatano, 10 Juni

Msimamizi alikuja mwenyewe, jioni kabla ya jua kuzama. Nilimkalisha penye mto.

"Nyumba ya saba," alisema, "mara tatu tulizoingia. Gramu mia mbili na kumi. Mia moja themanini. Na siku moja hakukuwa na cha kupima. Nyingine tisa zinafanana nayo." Alizungusha kikombe cha chai mikononi. "Mtaa wote unaingia kwenye mgao, Mwalimu. Kuanzia Jumatatu mpaka mavuno."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kama si mimi kufika ofisini, ule mstari uliolala ndio ungepelekwa juu. Kama si mimi, mstari huo usingelala.

Alipoondoka nilipeleka habari kwa muuza samani. "Fundi wako amepona," nikamwambia. "Lakini sidhani kama atakuwa na kazi."

Jumatatu, 15 Juni

Waligawa unga na maharage uwanjani. Nilitazama kutoka mbali. Mshonaji alikuwa kwenye foleni pamoja na binti zake, amenyoosha shingo. Aliniona. Hakuinamisha kichwa, wala hakunisalimu.

Ijumaa, 19 Juni

Mvua zimekwisha. Nimeandika barua fupi, nikaipitisha chini ya mlango wao: "Jumatano ijayo, saa sita mchana, karibuni nyumbani kwangu, nyote wanne. Natoa taarifa mapema."

Jumatano, 24 Juni

Tangu asubuhi nilichambua mchele. Nilitoa mawe tisa. Sikuwa na mizani, nikapima kwa kikombe, vikombe vya watu watano. Nilipanga sahani tano. Nilitandika mkeka.

Saa sita. Hakuna mtu.

Saa sita na nusu nilifunika sufuria. Saa saba nilianza kurudisha sahani kabatini. Nilikuwa nimerudisha ya tatu niliposikia fimbo ikigonga mlango badala ya hodi.

"Unaishi mbali, wewe mtoto," akasema bikizee. "Nimeuliza njia hata kwa mbuzi." Binti mdogo alikuwa amemshika mkono. Wawili tu.

Nilimkalisha kitini. Alipapasa mto, akashuka na mkono hadi mguuni, akaukuta utepe.

"Hiki kiti nakijua."

"Ndicho."

"Unakirudisha?"

"Nikikirudisha ataniona namsema tena."

"Atakuona hivyo. Basi kiache hapa, nitakuwa nakifuata." Alitulia kitini. "Yeye bado. Nilimsomea barua yako kwa kichwa mara tatu, mara ya tatu hakunikatiza. Mpe muda. Cherehani ipo. Lakini hilo unalijua. Macho sina, masikio ninayo, na huo mwavuli wako una waya mmoja unaogonga."

Tulikula. Binti alikula taratibu. Sahani yake haikupanguzwa kwa kidole, alibakiza kidogo pembeni, nikayatazama yale mabaki kwa muda mrefu kuliko yanavyostahili. Nilimfungia mama yake chakula katika bakuli, lile zuri. Bikizee akasema ni vizuri, bakuli huwa halirudi lenyewe, lazima mtu alirudishe.

Wameondoka saa tisa. Nimeosha sahani tatu. Mbili zimo kabatini, safi.

Sina fomu tena, lakini mkono umezoea. Waliokula: watatu. Wageni waliokula: hakuna.